Siku Ambazo Mbuke Hakupima

Kwa miaka mitatu nilipokea ujumbe wa Mbuke kila asubuhi, kati ya saa tatu na saa tatu na robo. Ulikuwa na namba nne tu: kimo cha maji, joto la maji, nguvu ya upepo, na urefu wa wimbi kubwa kuliko yote tangu jioni iliyotangulia. Mara moja moja aliongeza neno. "Mvua." Au, "Leo maji ya kijani." Sikuwahi kumjibu zaidi ya "Imepokelewa, asante," kwa sababu vituo vilikuwa kumi na kimoja, na pale ofisini Geita wa kuvipokea nilikuwa mimi peke yangu.

Pale Nyakasanga, mwalo mdogo wa wavuvi uliojificha kwenye ghuba upande wa Geita wa Ziwa Viktoria, watu wote humwita Mama Mageni. Si mzaliwa wa ziwani. Alizaliwa Shinyanga vijijini, karibu na Mwakitolyo, kwa wakulima wenye ng'ombe wachache, na hadi anafikisha miaka thelathini na mitano hakuwa ameona maji mengi kuliko yale ya lambo la kunyweshea mifugo. Mume wake alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Yeye aliosha mchanga, na baadaye akashikishwa mizani ya mnunuzi mmoja, kwa kuwa macho yake yalikuwa makali na mkono wake hautetemeki. Machimboni dhahabu husomwa kwa gramu na pointi, na mtu anayesoma pointi moja pungufu haifiki jioni hajatukanwa yeye na ukoo wake. Mbuke alisoma mizani ile miaka sita bila kugombana na mtu.

Kisha duara likamfukia mumewe. Duara ndilo jina la shimo lao wachimbaji.

"Nilikaa siku nne juu ya lile shimo," aliniambia wakati mmoja, akiwa anageuza dagaa kwenye chanja. "Siku ya tano wakasema wamechoka kufukua. Wakaliacha liwe kaburi lake."

Alimchukua Mageni, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, akahamia Nyakasanga kwa binamu yake kuanika dagaa. Mageni akakulia majini. Sasa ana miaka thelathini na mmoja, ana mke na watoto wanne, na huvua dagaa kwa taa. Huingia ziwani jua likizama na kurudi asubuhi, na mama yake hajawahi kulizoea jambo hilo.

Mradi uliomfanya Mbuke awe mpimaji uliletwa na Bwana Nuruddin, mtu wa Tanga aliyetumia karibu nusu ya umri wake kwenye kazi ya kupima bahari. Katika semina ya kwanza alitueleza jinsi bahari inavyoangaliwa: vyombo vinavyoelea, meli, watu wa pwani za nchi nyingi, wote wakituma vipimo vyao mahali pamoja. Alisema zamani kila nchi ilipima kwa saa yake na kwa namna yake, na namba zikirundikwa pamoja hazikuwa na maana yoyote. Iliwachukua miaka mingi kukubaliana saa, vipimo na fomu. Alitaka ziwa letu nalo lipate mpango kama huo, wa nchi zote zinazolizunguka.

"Ukipima saa tatu na mwenzako akapima saa sita," alisema, "hamjapima ziwa moja."

Aliwafundisha wapimaji kazi ambayo mtu yeyote makini angeiweza. Rula ndefu ya kimo cha maji iliyojengewa saruji kwenye mawe. Ndoo na kipimajoto. Kitambaa cha upepo. Na nguzo ya mawimbi, mti wenye alama za sentimita, uliofunikwa kikofia cha bati ili mvua isiufikie, unaopakwa chokaa kila jioni. Mawimbi ya usiku huosha chokaa hadi pale yalipofika. Asubuhi unasoma mahali weupe unapoanzia. Jioni unapaka tena. Ikipita siku moja hukusoma, chokaa chenyewe huanza kubabuka, na kipimo hicho hakipatikani tena.

Siku hiyo ya semina Bwana Nuruddin alitangaza pia kwamba baada ya miaka mitatu mialo mitano itajengewa mlingoti wa tahadhari, wenye taa nyekundu na king'ora, utakaowaonya wavuvi kabla ya dhoruba. Itachaguliwa mialo yenye mawimbi mabaya zaidi.

Mbuke aliinua mkono. "Nani atachagua?"

"Namba zitachagua, mama."

"Hapo sawa," alisema. "Mtu ningemtilia shaka. Mizani naiamini."

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Nilielewa baadaye kwamba alikuwa ameshaukubali mlingoti ule kama kitu cha mwanawe, na kwamba tangu siku hiyo kila namba aliyotuma ilikuwa ya Mageni.

Hakuwahi kuchelewa. Nilipotembelea vituo mara mbili kwa mwaka, vingine nilikuta rula imeota ukungu na ndoo inatumika kuogea. Kwake chokaa kilikuwa kimefungwa vizuri kwenye mfuko, kipimajoto kimeviringishwa kwenye khanga. Wavuvi walimwita karani wa mawimbi. Stanslaus, mwenyekiti wa mwalo, alikuwa hampiti bila neno.

"Mama Mageni, leo ziwa limekupa barua gani?"

"Limesema wewe bado hujatengeneza choo cha mwalo."

"Hilo limeambiwa na wewe."

"Mimi nasoma tu. Siongezi."

Kulikuwa na dosari moja tu katika kazi yake. Mara nne au tano kwa mwaka ujumbe wake haukuja, siku tatu mfululizo, kisha ukarudi kama kawaida. Sikuona neno. Vituo vingine vilikosa wiki nzima. Mashine kuu iliyokusanya vipimo vya ziwa lote ilikataa jedwali la mwezi lenye nafasi tupu, na tulikuwa tumeruhusiwa kujaza mapengo madogo: unachukua namba ya kabla na namba ya baada, unatafuta ya katikati. Wapimaji wa bahari nao hufanya hivyo. Nilijaza mapengo ya Mbuke huku chai ikiwa mkono wa kushoto. Sikujiuliza kwa nini kila mara yalikuwa ya siku tatu.

Miaka mitatu ikaisha. Orodha ya mialo mitano ikatoka mwezi wa Julai, na Nyakasanga haikuwamo. Nilipanda pikipiki ya ofisi nikapeleka barua mwenyewe. Niliona si vizuri aipate kwa simu.

"Shikamoo, Mama Mageni."

"Marahaba, Madamu Zuhra. Umekuja na mlingoti au umekuja na maneno?"

"Maneno."

"Kaa basi. Uji bado wa moto."

Alinawa mikono, akaipokea barua, akaisoma polepole kama alivyosoma kila kitu, kidole kikitangulia. Kati ya vituo kumi na kimoja, Nyakasanga ilikuwa ya kumi na moja. Ghuba tulivu kuliko zote. Wimbi kubwa lililoandikwa kwa miaka mitatu lilikuwa la sentimita themanini na tano.

"Hii ni Nyakasanga ipi?" aliuliza.

"Ni hii hii."

"Na mawimbi ya Machi mwaka juzi mmeyaweka wapi?"

"Yapi?"

Alinitazama kama mtu anayepima kama mwenzake anatania. "Yaliyomchukua mtoto wa Rebeka na wenzake watano."

Nilifungua karatasi nilizokuja nazo, nikatafuta mwezi wa Machi. Tarehe kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita: sentimita hamsini na tano, hamsini na tano, hamsini na tano. Nilijua ni mkono wangu kabla sijasema.

"Hizi sikutuma," alisema Mbuke.

"Hukutuma. Nilijaza mimi."

"Ulijaza na nini?"

"Siku ya kabla na siku ya baada. Nikachukua ya katikati."

Aliikunja barua mara mbili, akaiweka juu ya kifuniko cha sufuria.

"Kumbe siku za kufunga mwalo," alisema, "ulikuwa unapima wewe, ukiwa Geita."

Ndipo nikaelezwa jambo ambalo kila mtoto wa Nyakasanga analijua. Ziwa likichukua mtu, mwalo hufungwa siku tatu. Mitumbwi haitoki isipokuwa ile inayotafuta. Hakuna anayechota maji pale, anayefua, wala anayeosha vyombo. Wanawake hukaa juu ya mchanga, wameyapa maji migongo. Kushuka majini na shughuli yako wakati mwenzako bado yumo ni kumwambia mkewe kwamba umeshamkatia tamaa.

"Ni kama kuingia nyumba ya msiba, maiti iko ndani, ukakunjua kitambaa ukaanza kushona," alisema Mbuke. "Ningeshukaje na ndoo?"

"Kwa nini hukuniandikia?"

"Nilijua unajua. Redio zilitangaza. Na ile fomu yenu ina mahali pa joto na mahali pa upepo. Haina mahali pa msiba."

Tulimwita Stanslaus, akaja na daftari la kamati ya misiba. Tulilisoma pamoja na majedwali yangu, tarehe kwa tarehe. Yalikuwamo majina ishirini na sita ya waliochukuliwa na ziwa kwa miaka mitatu. Hakukuwa na hata jina moja lililoangukia siku ambayo Mbuke alipima. Wote walikufa ndani ya mapengo niliyojaza. Dhoruba iliua, mwalo ukafungwa, chokaa kikabaki hakijasomwa, na mimi nikaandika utulivu. Mawimbi pekee yaliyofika kwenye ile mashine kubwa yalikuwa yale yasiyoua mtu.

Nililipeleka daftari kwa Bwana Nuruddin. Aliligeuza kurasa zote, hata zile za wagonjwa na wazee waliofia vitandani.

"Siwezi kuweka majina mahali pa vipimo," alisema mwishoni. "Vituo vingine navyo vina majina. Nikifungua mlango huo, kila mwalo utaleta daftari lake, na mpango mzima utakuwa wa kugombania maiti."

"Sasa?"

"Uko mlingoti wa sita, mwakani. Nipe vipimo vya siku hizo. Hata dhoruba moja tu, na siku zake tatu. Niwe na kitu cha kuweka mezani." Alilifunga daftari. "Kosa ni langu pia, Zuhra. Niliwafundisha fomu. Sikuwauliza wanazikaje."

Basi mimi ndiye niliyeurudisha ujumbe ule Nyakasanga. Nilimwambia Mbuke kwa sauti ya kazi, kama mtu anayeeleza namna mpya ya kujaza karatasi. Aliniacha nimalize.

"Unajua unachoniomba?"

"Najua."

"Hujui," alisema. "Lakini nimekusikia."

Hakufanya kwa siri. Alipeleka jambo lake kwenye mkutano wa mwalo. Nilikuwapo. Stanslaus alisema nguzo si mtu, inaweza kusubiri siku tatu. Mbuke akasema nguzo inaweza, chokaa hakiwezi. Mzee mmoja akauliza kama huko Geita hawana nguzo zao za kusoma. Watu wakacheka. Aliyemtetea alikuwa Agnetha, rafiki yake, aliyeanika dagaa chanja ya jirani kwa miaka kumi na tano.

"Mwacheni apime," alisema Agnetha. "Kupima si kuvua. Hamna aibu? Wake zenu ndio wanaokaa pale mchangani, si nyinyi. Mimi ningependa king'ora kilie mume wangu akiwa bado pwani."

"Masudi wako hasikii hata ukimwita ale," mtu akajibu kutoka nyuma. "Atasikia king'ora?"

Wakacheka tena, na mkutano ukaisha bila uamuzi. Hakuna aliyemkataza Mbuke. Hakuna aliyemruhusu.

Dhoruba ilikuja mwezi wa Novemba. Mitumbwi tisa ilikuwa nje. Minane ilirudi, mmoja mmoja, hadi saa mbili asubuhi. Wa Mageni ulikuwa wa saba. Walikuwa wamejibanza nyuma ya kisiwa cha mawe, wakamwaga nyavu na taa majini ili mtumbwi uwe mwepesi. Ule ambao haukurudi ulikuwa na watu wanne, na nahodha wake alikuwa Masudi.

Mambo ya asubuhi ile nilisimuliwa na mke wa Mageni. Mageni alikaa mlangoni kwa mama yake, amefunikwa blanketi, meno yakigongana, hawezi kushika kikombe. Mbuke alikuwa akimnywesha. Ilipokaribia saa tatu, aliweka kikombe chini.

"Mama, unakwenda wapi?" Mageni aliuliza.

"Kupima."

"Leo? Masudi hajapatikana."

"Ndiyo maana leo."

"Mama, nakuomba. Wale ni watu nitakaokaa nao."

"Nataka ukae nao," alisema Mbuke. "Hicho ndicho ninachotaka. Ukae nao, usiwe kule chini."

Alichukua ndoo na kipimajoto, akashuka. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya mchanga, Agnetha katikati, kitenge kichwani. Hakuna njia nyingine ya kufika kwenye mawe. Mbuke alipita kati yao. Alisoma rula, akasoma kitambaa cha upepo, akachota maji na kuingiza kipimajoto, akasubiri dakika tatu zinazotakiwa. Kisha akaiendea nguzo. Chokaa kilikuwa kimeoshwa hadi mita mbili na sentimita kumi. Jioni alishuka tena na brashi, akaipaka upya, na ule weupe ukaonekana mwalo mzima.

Ofisini Geita simu yangu iliita saa tatu na dakika kumi na mbili. Niliona 2.10. Nilisimama. Nilifurahi. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilifurahi, nikampigia Bwana Nuruddin, naye akasema, "Alhamdulillahi, sasa tunazo." Hatukuuliza ni akina nani. Siku ya pili mita moja na arobaini. Siku ya tatu sentimita tisini na tano, na chini ya namba hizo kulikuwa na neno la ziada: "Masudi bado."

Alipatikana mchana wa siku hiyo ya tatu, kwenye matete upande wa pili wa ghuba. Nilikwenda kuzika. Pale nje ya nyumba, baada ya watu kunawa mikono, Mbuke alimwendea Agnetha kumpa pole. Agnetha aliupokea mkono wake. Hakupaza sauti.

"Ulipata ulichokuwa unakitafuta?"

"Nilipata."

"Ni ngapi?"

Mbuke alisita. Lakini alikuwa mtu wa kusoma kilichopo. "Mita mbili na sentimita kumi."

Agnetha alitikisa kichwa polepole, kama aliyeambiwa bei ya kitu asichokusudia kununua. "Mume wangu kwa kimo alikuwa hafiki hapo," alisema. Akauachia ule mkono.

Hakuna aliyemtukana Mbuke. Walimwachia nafasi tu, popote alipokaa. Chanja ya jirani ikahamishwa. Wachuuzi wa dagaa waliokuwa wakianzia kwake wakawa wanapita. Asubuhi moja akakuta mlangoni kwake nguzo ya mawimbi, imeng'olewa na kulazwa vizuri kando ya ukuta, na rula imebanduliwa kwenye saruji pasipo kuvunjwa. Mfuko wa chokaa ulikuwapo pia. Hawakuiba kitu. Walimrudishia vyake.

Alivumilia mpaka walipomgusa Mageni. Mwenye mtumbwi alimwambia wenzake hawataki kuingia majini na mtoto wa mwanamke anayesubiri watu wazame ili apime. Mageni alikwenda kwa mama yake jioni, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mama, mimi nina watoto wanne."

"Nawajua. Niliwapokea mimi."

"Sina kazi nyingine."

"Sijakuuliza," alisema Mbuke. "Nimeshafunga mizigo."

Siku tatu baadaye aliondoka kurudi Mwakitolyo, na Mageni akarudishiwa kasia.

Vipimo vyake vilikubaliwa. Nataka hili lijulikane, kwamba havikutupwa. Bwana Nuruddin aliviweka mezani kama alivyoahidi, na Nyakasanga ikapanda kutoka ya kumi na moja hadi ya pili kwa mawimbi mabaya katika upande wetu wote wa ziwa. Mlingoti wa sita ulikuwa wao. Yalibaki masharti mawili: kituo kiwe kinafanya kazi, na serikali ya kijiji pamoja na uongozi wa mwalo watie saini kuulinda.

Nilikwenda na karatasi. Mkutano ulikuwa mdogo. Niliwaambia ukweli wote: kwamba Mbuke hakuwa na kosa, kwamba aliyeanza kuharibu ni mimi, nilipoandika utulivu siku walizokuwa wakitafuta watu wao. Niliwaambia kwamba namba zake tatu ndizo zilizowapatia mlingoti. Stanslaus alinisikiliza hadi mwisho, na sidhani alifurahia alichokisema.

"Madamu, miaka mitatu ulitujazia shwari. Sasa umekuja kutujazia nini?"

"Taa na king'ora. Viokoe watu."

"Vilivyopatikana kwa siku za Masudi."

Niligeuka kumtafuta Agnetha, aliyesema kwenye mkutano ule wa kwanza kwamba kupima si kuvua. Alikuwapo. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Mama, wewe unasemaje?" Stanslaus akamuuliza.

"Sina la kusema," alijibu Agnetha. "Nilishasema siku ile, wakati sijui ninachokisema."

Hawakutia saini. Mlingoti ulikwenda kwenye mwalo mwingine, uliofuata kwenye orodha kati ya ile isiyokuwa nao, na nasikia taa yake inaonekana mbali sana. Kutoka Nyakasanga haionekani. Kuna rasi katikati.

Februari nilipata safari ya Shinyanga, kumwona mama yangu mjini, nikaunganisha hadi Mwakitolyo. Nilimkuta Mbuke amerudia kazi yake ya ujana. Alikuwa ameinama kwenye karai karibu na karasha, mashine ile ya kusagia mawe, anaosha mchanga uliokwisha kuoshwa na wengine. Vumbi lilikuwa limempaka hadi kwenye kope. Alininyooshea mkono wenye tope, akacheka kidogo, akanipa kifundo cha mkono badala yake.

"Mwangaluka, Madamu," aliniamkia Kisukuma. "Umepotea."

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukuona."

"Marahaba. Huku hakuna cha kupima, nakuambia mapema. Wana mizani za betri siku hizi. Zinasoma zenyewe."

Tulikaa kwenye mawe. Aliniuliza habari za ofisi, nikamwambia vituo sasa ni kumi na vinafanya kazi vizuri, na kwamba mwezi uliopita vipimo vyetu viliunganishwa na vya nchi jirani, jambo ambalo Bwana Nuruddin alilisubiri miaka mingi. Alisema ni vizuri. Sidhani alikuwa anakejeli. Alisema Mageni humpigia kila Jumapili, na kwamba mtoto wake wa kwanza, mjukuu wa Mbuke, ameanza kidato cha kwanza. Hakumtaja Agnetha, na mimi sikumtaja.

Karasha lilizimwa, wafanyakazi wakaenda kula. Katika ule ukimya ndipo aliponiuliza.

"Na wiki hii kule Nyakasanga kukoje?"

Nilitoa simu. Siku hizi tuna ramani ya ziwa zima humo, nchi zote, na ukigusa kituo kinakupa wimbi, upepo na joto vya asubuhi ileile. Niliipanua hadi nikaiona ile ghuba, umbo lake kama kiganja kilichokunjwa nusu. Haikuwa na alama yoyote. Kituo cha karibu kiko kilomita arobaini, ng'ambo ya rasi, na kilisema sentimita sitini. Mbuke alikuwa anatazama uso wangu, haitazami simu. Ningeweza kumpa ile sitini akalala vizuri.

"Sijui, mama," nilisema.

Alitikisa kichwa, akavuta karai karibu na kuanza tena kuchezesha mchanga, taratibu, ule mzito ukishuka chini.

"Nilimuuliza Mageni Jumapili," alisema. "Naye kasema hajui. Lakini yeye inambidi aingie."